Kushusha injini ya pikapu: ufungue boneti tu, uso, au mbele yote?

Gereji tunasema "kushusha injini", lakini kwenye pikapu injini haishuki. Inapanda kwanza. Inaachana na maunti zake (vishikio vyake kwenye chesesi), inainuka mpaka sampu, lile bakuli la oili chini yake, ipite juu ya fremu inayobeba rejeta, ndipo inavutwa mbele na kuwekwa sakafuni. Swali zima la mabati ya mbele limelala hapo: injini ipande kiasi gani ndipo itoke, na nini kimekaa mbele yake kinaizuia.

Nazungumzia pikapu zenye chesesi chini na bodi juu, zile ambazo kebini, mabati ya mbele na bodi ya mizigo vimekaa kwa boliti. Malori yenye kebini ya kuinamisha hayana shida hii. Unainamisha kebini, injini hiyo hapo. Na pikapu ambayo bodi na chesesi ni kitu kimoja, kama Honda Ridgeline, injini yake hutolewa kwa chini, kwa hiyo kuvua madigadi, yale mabati ya juu ya magurudumu ya mbele, hakukupunguzii kazi.

Zinabaki njia nne. Unaweza kuvua boneti na rejeta peke yake. Unaweza kufungua uso, yaani bampa, shoo, taa na ile fremu ya rejeta, ukaacha madigadi mahali pake. Unaweza kuvua mbele yote hadi chesesi ibaki uchi kuanzia kwenye faiwoli, ule ukuta wa bati kati ya injini na kebini. Au unyanyue kebini nzima. Mafundi hubishana kana kwamba moja ndiyo sahihi na nyingine ni uvivu. Mimi nadhani gari lenyewe hukupa jibu ukiliuliza maswali mawili.

La kwanza: uso umefungwaje? Lala chini ya bampa na tochi. Ukiona fremu ya rejeta imekaa kwenye chesesi kwa boliti mbili zenye mipira, na pembeni imeshikana na madigadi kwa boliti, inafunguka. Ukiona vidoa vya mviringo vya weldi ya nukta mahali inapokutana na mabati ya ndani, haifunguki bila kukatwa, na hapo njia ya pili na ya tatu zimekufa. Kuna wanaokata na kurudishia kwa weldi. Sikushauri. Fremu hiyo ndiyo inayoshika kufuli la boneti, na ikirudi imepinda kidogo tu boneti haitafunga sawasawa tena.

La pili: injini itaingia mara ngapi? Ukitoa iliyokufa na kurudisha ya aina ileile, itatoka mara moja na kuingia mara moja. Ukibadilisha aina, kwa mfano unatoa ya petroli unaweka ya dizeli, hiyo mara moja isahau. Utaijaribisha, utakuta sampu inagusa krosimemba (chuma cha kukingama cha chesesi), utaitoa, utatengeneza maunti, utairudisha, utakuta manifoldi ya eksozi imekaribia shafti ya stelingi, utaitoa tena. Mtu anayevua mabati kwa ajili ya injini ya aina ileile anajiongezea kazi. Anayeyaacha kwa ajili ya injini ngeni atajuta siku ya tatu.

Boneti na rejeta tu

Hii ndiyo njia ya wengi, na kwa injini fupi ya silinda 4, giaboksi ikibaki kwenye gari, inatosha kabisa. Boneti hushikwa na boliti nne, mbili kila bawaba. Kabla hujazilegeza, chora mstari kwa kalamu ya rangi kuzunguka kila bawaba. Wazee wana ujanja mzuri zaidi: wanatoboa tundu la milimita 3 linalopita bawaba na bati la boneti kwa pamoja. Siku ya kurudisha wanachomeka kipini humo na boneti inarudi palepale ilipokuwa. Muwe wawili, mmoja kila upande. Boneti ikiponyoka kona yake huangukia kioo cha mbele, sijui kwa nini haichagui mahali pengine.

Tatizo la njia hii ni krini, ile mashine ya kuinulia injini. Krini nyingi za kukunja huandikwa tani 2, na watu huiamini hiyo namba. Ni kweli mkono ukiwa mfupi kabisa. Ukiuvuta hadi tundu la mwisho, inabaki karibu nusu tani. Sasa tazama pikapu yenye fremu ya rejeta na bampa bado vipo: miguu ya krini inaingia chini, lakini nguzo yake inazuiwa na bampa, kwa hiyo inabidi uurefushe mkono ndipo ufike katikati ya injini. Cummins ya lita 5.9, silinda 6 kwa mstari, ina uzito wa takribani kilo 500 bila giaboksi. Maana yake uko kwenye mwisho wa uwezo wa krini kabla hata injini haijatikisika. V8 ya General Motors ya familia ya LS yenye bloku ya aluminiamu haifiki nusu ya uzito huo, na kwa hiyo mkono mrefu hautakutisha.

Kuna jingine ambalo halionekani mpaka ulione. Mkono wa krini hauendi juu kwa mstari ulionyooka. Unazunguka kama upinde. Ukishapita usawa, kila unavyopampu jeki, ncha yake inarudi kuelekea kwenye nguzo, na injini inasogezwa mbele, kuelekea ulikoacha kondensa ya AC. Hivyo ndivyo nilivyoharibu kondensa yangu ya kwanza. Nilikuwa nimetoa rejeta, nikaegesha kipande cha katoni mbele ya kondensa, nikaona nimejilinda. Mwenzangu anapampu, mimi nimeshika injini kwa mkono nikitazama sampu chini. Sikuiona puli ya krenki ikisogea. Nilisikia tu mlio mdogo, kama mtu anakunja kopo la soda, halafu gesi ikaanza kupuliza. Tangu hapo naweka ubao wa plaiwudi mahali pa katoni, na mmoja wetu hana kazi nyingine ila kutazama mbele.

Kama gari lako ni refu kwenda juu, la 4x4 au limeinuliwa springi, njia hii hukwama kwa sababu rahisi zaidi: krini inafika mwisho wa kupanda na sampu bado haijavuka fremu. Hapo watu huanza kutoa upepo kwenye matairi ya mbele ili gari lishuke. Inasaidia sentimita chache. Ukijikuta unafanya hivyo ujue gari limeshakwambia ufungue uso.

Na jambo dogo ambalo husahaulika: giaboksi inayobaki ilikuwa imebebwa na injini kwa upande wa mbele. Weka jeki chini yake kabla hujatoa boliti za belihauzi (ganda la mbele la giaboksi linaloshikana na injini), la sivyo itaning'inia kwenye maunti yake ya nyuma na kuupasua mpira.

Kufungua uso

Nikipewa gari nisilolijua na nikaambiwa nichague moja, nachagua hii. Bampa inatoka, shoo inatoka, taa kubwa zinatoka, halafu fremu ya rejeta inafunguliwa na kuvutwa mbele. Ghafla injini imesimama mbele yako kama kabati ambalo mlango wake umeng'olewa. Krini inaingia karibu, mkono unabaki mfupi, na injini huhitaji kuipandisha juu kichwani. Unainua kiasi cha kuachana na maunti na krosimemba, kisha unavuta. Mzigo ukiwa chini hauyumbi sana, na ukiteleza umbali wa kuanguka ni mdogo.

Faida kubwa kuliko zote ni kwamba unaweza kutoa injini na giaboksi vikiwa vimeshikana. Kwenye nafasi finyu, boliti za juu za belihauzi ni adhabu. Unazitafuta kwa vidole huku shavu limebanwa kwenye faiwoli. Ukitoa vyote pamoja unazifungulia chini kwenye sakafu, umekaa. Kwa giaboksi ya otomatiki nafuu ni kubwa zaidi. Toki konveta, ile inayopokea nguvu ya injini kwa mafuta mahali pa klachi, lazima ikae imezama mpaka mwisho kwenye pampu ya giaboksi. Ikitoka kidogo wakati unaunganisha ndani ya gari, na wewe ukalazimisha kwa kukaza boliti za belihauzi, unavunja pampu, na hutajua mpaka siku ya kuwasha. Ukiunganisha nje unaizungusha kwa mkono na kusikia inavyozama hatua kwa hatua. Ila kama ni 4x4, pima kwanza urefu wa injini, giaboksi na gia ndogo (ile inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma) kwa pamoja. Mara nyingi inafaa zaidi kuacha gia ndogo nyuma.

Gharama ya njia hii iko kwenye vitu vilivyoning'inizwa usoni. AC ndiyo ya kwanza. Kama mipira ya kondensa ni mirefu vya kutosha, usiifungue; fungua boliti za kondensa, izungushe pembeni na uifunge kwa waya kwenye madigadi. Kompresa nayo ifungue kutoka kwenye injini na mipira yake ikiwa imeunganishwa, uifunge pembeni. Pampu ya stelingi vilevile. Kama hakuna namna ila kufungua mfumo, gesi itolewe kwa mashine ya kuikusanya. R-134a, moja ya gesi za AC, ikiachiwa hewani, kila kilo yake hupasha joto dunia kwa takribani mara 1,400 ya kilo ya kaboni dioksaidi katika miaka 100, na nchi nyingi zimepiga marufuku kuiachia. Tena mfumo ukikaa wazi unavuta unyevu, na utalazimika kubadilisha chujio lake la kukaushia.

Ya pili ni sensa za eabegi. Kwenye pikapu za miaka ya karibuni, sensa za kugundua ajali hukaa kwenye fremu ileile au karibu na taa. Ondoa waya wa betri na usubiri dakika kadhaa kabla ya kugusa plagi zake. Usiwashe swichi zikiwa hazijaunganishwa, maana taa ya eabegi itawaka na kubaki. Nyingi zina mshale uliochorwa juu: mshale uelekee mbele.

Ya tatu ndiyo iliyonitesa mimi, ethi, yaani waya wa kurudisha umeme kwenye bodi. Wayaringi ya mbele hupata ethi kwenye fremu ya rejeta na mabati ya ndani ya madigadi, kwa vijiwaya vifupi vyenye pete ambavyo ukivifungua havionekani kuwa na maana. Gari moja nililorudisha uso liliwaka vizuri, likaenda vizuri, lakini ukipiga indiketa ya kulia taa kubwa inafifia na honi inatoa sauti ya mbuzi. Nilitafuta siku nzima kwenye fyuzi na rilei. Kijiwaya kimoja chenye pete kilikuwa kimelala nyuma ya chupa ya maji ya waipa, boliti yake iko ndani ya mfuko wangu. Sasa kila ethi naifunga tepu nyekundu, na boliti yake narudisha palepale kwa mkono mara tu nikishaitoa.

Jambo la mwisho hapa: uso ukitoka, madigadi zinakosa mshikio wa mbele. Zinabaki zimeshikwa nyuma tu na zinayumba kama masikio. Ukiegemea moja huku unavuta injini utaikunja pale inapokutana na kebini. Funga ubao au bomba jepesi kutoka madigadi moja hadi nyingine, na mwambie kila anayepita asiziegemee.

Kuvua mbele yote

Hapa tunatoka kwenye kushusha injini na kuingia kwenye kujenga gari. Boneti, uso na madigadi zote mbili pamoja na mabati ya ndani vinaondoka. Kwenye pikapu za zamani inawezekana bila kufungua kipande kimoja kimoja: Chevrolet na GMC za 1973 hadi 1987, kwa mfano, ukitoa boneti na kufungua boliti za fremu ya rejeta kwenye chesesi na za madigadi kwenye kebini, watu wanne wanabeba mbele yote ikiwa nzima na kuiegesha pembeni. Uzuri wa kuibeba nzima ni kwamba mapengo kati ya madigadi na uso hayaguswi kabisa. Land Rover za Series, zilizoanza 1948, nazo zilijengwa kwa mabati ya aluminiamu yaliyofungwa kwa boliti, na paneli ya mbele inayobeba rejeta hutoka ikiwa nzima, na kwa zile za mwanzo hata taa zake kubwa zimo.

Linalofanya njia hii istahili ni ile injini ngeni niliyotaja mwanzo. Chesesi ikiwa uchi unaweza kuchomelea maunti ukiwa umesimama wima, kupima shafti ya stelingi, kupitisha eksozi, kubadilisha mabomba ya breki yaliyoliwa na kutu na kupaka rangi faiwoli. Kila kitu unakifikia. Kama gari lako linahitaji hata mawili kati ya hayo, vua, usibishane na mtu.

Lakini boliti za madigadi ni kazi ya subira. Za juu, kando ya boneti, unaziona zote na zinatoka kwa spana namba 10 au zaidi kidogo. Zinazokula muda ni tatu: ile ya chini nyuma ya tairi, ambako tope limekaa miaka na kutu imeshika, ile iliyo kwenye nguzo ya mlango, ambayo huioni mpaka ufungue mlango, na yoyote ambayo nati yake imewekwa ndani ya kizimba cha bati, kwa sababu kizimba kikioza nati inazunguka pamoja na boliti na hakuna mahali pa kuingiza spana. Pulizia mafuta ya kulegeza kutu jioni, urudi asubuhi. Kaza kidogo kwanza ndipo ulegeze. Ikikataa, kata kichwa chake kwa grainda, boliti si mali.

Kati ya madigadi na kebini, na chini ya fremu ya rejeta, utakuta shimu, vibati vyembamba vya kusawazisha. Ndivyo vilivyoamua mapengo ya mlango siku gari lilipotoka kiwandani. Ziandike: upande upi, tundu lipi, ngapi. Nimeona mtu akizichanganya kwenye kopo moja na kutumia siku mbili kuzibahatisha.

Na uliza kabla hujaanza, utayaweka wapi? Madigadi mbili, boneti, bampa na uso vinakula nafasi ya gari jingine. Vikiegeshwa ukutani kwenye njia ya kupita, kitakachovikwaruza si injini, ni baiskeli ya mtoto.

Kurudisha kuna mpangilio mmoja tu ninaouamini. Anza kwenye mlango, kwa sababu mlango haukuguswa na ndio kipimo chako. Linganisha madigadi na mlango, pengo liwe sawa juu na chini, boliti zote zikiwa zimeshikwa kwa mkono tu. Halafu boneti kwa madigadi. Halafu uso kwa boneti. Ukianzia mbele ukarudi nyuma, makosa yote madogo yanasukumwa hadi mlangoni, na mlango utagonga madigadi siku ya kwanza ukiufungua.

Kunyanyua kebini

Hii naipitia haraka kwa sababu bila lifti ya nguzo mbili si ya kujaribu. Inajulikana zaidi kwa Ford Super Duty zenye dizeli ya Power Stroke ya lita 6.0, za 2003 hadi 2007, na iliyofuata ya lita 6.4. Injini ni pana, imesukumwa nyuma chini ya kioo, na mafundi wanaozifahamu huona ni rahisi kufungua boliti za kebini, shafti ya stelingi, mabomba ya breki na wayaringi, wakainua kebini pamoja na mbele yake yote, kuliko kupambana kutoka juu. Mabati hayatenganishwi, kwa hiyo mapengo hayaharibiki. Ni njia safi kwa mwenye vifaa. Kwa mwenye cheni bloku na tawi la mti, hapana.

Ninavyochagua mimi

Injini ya aina ileile, silinda 4, giaboksi haina ubovu na inabaki: boneti na rejeta, basi. Injini ya aina ileile lakini ndefu ya silinda 6, au giaboksi nayo inatoka, au gari liko juu: nafungua uso kama una boliti, kama umechomelewa natoa giaboksi kwanza kwa chini, halafu injini peke yake kwa juu, na nakodi krini kubwa zaidi. Injini ngeni: mbele yote, bila kujadili, labda kama una mtu aliyekwisha kutengeneza maunti za gari hilohilo na injini hiyohiyo na unazinunua zimekamilika. Hapo uso unatosha.

Na uso ukiwa nje nina tabia moja ambayo wenzangu huicheka. Sirudishi mabati mpaka injini iwake. Naisimamisha rejeta mahali pake kwa fremu yake au kwa mkanda na kipande cha mbao, najaza maji, naunganisha sensa zote, nawasha na kuiacha ipate joto huku nikiwa nimechuchumaa palepale ambapo bampa ingekuwa. Tone la oili nyuma ya puli, mpira wa rejeta unaolowa kwenye klampu, mkanda wa feni unaopiga kelele: vyote navishika kwa mkono bila kuvua kitu. Halafu nazima, nakagua tena ikiwa imepoa, na ndipo naita mtu wa pili tubebe madigadi. Taa kubwa narekebisha mwisho kabisa, usiku, gari likiwa limesimama mbele ya ukuta, kwa sababu hata uso ukirudi kwenye alama zake zote, mwanga haurudi ulipokuwa.